Swali la Nne, Alama Kumi

"Taja aina za degedege, vyanzo vyake,
na hatua za muuguzi."
Feni ya ukumbi inasaga joto la Tanga.

Naanza na lile linaloonekana:
mwili mzima hukakamaa kama ubao,
kisha hutupwa, hutupwa,
meno yakakutana na ulimi katikati.
Halafu la upande mmoja: kidole gumba tu
kinacheza peke yake kama kinahesabu noti,
na mwenye kidole anakitazama kama cha mgeni.

La tatu naliandika polepole.
Halina povu wala kishindo.
Mtu huzimika macho yakiwa wazi,
sekunde kumi, kumi na tano,
kisha anarudi: "Ulikuwa unasemaje?"

Hapo nasita, maana karatasi haina nafasi
ya Mwanamvua, binti wa mama mkubwa,
darasa la nne, Makorora, dawati la pili,
aliyesoma kwa sauti akakatika
kama redio iliyoishiwa betri.
Mwalimu alimwita Bi Ndoto,
akamchapa rula kwenye vifundo vya vidole.
Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Vyanzo: malaria iliyopanda kichwani,
homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka,
kichwa kilichokutana na lami,
shinikizo la damu kwa mjamzito,
dawa zilizoisha Jumatano
na nauli ya kliniki ikapatikana Jumatatu.
(Hilo la mwisho halimo kitabuni. Naliacha.)

Nyumbani tulijua chanzo kimoja: dege,
arukaye usiku juu ya paa
kivuli chake kikamwangukia mtoto.
Bibi simcheki.
Aliona kitu kikimchukua mtoto, akakipa mabawa.

Hatua za muuguzi.
Bombo, wodi ya watoto, saa tisa usiku.
Mvulana wa miaka mitatu kaletwa na bodaboda toka Pongwe,
nywele zinanuka moshi wa kinyesi cha tembo.
Mama ana kijiko, anatafuta mwanya kati ya meno.
Mimi nimeshaidaka mikono ya mtoto, naibana.
Sista Semkiwa hakupaza sauti:
"Mwachie. Tazama saa."

Saa! Dakika ya kwanza nilimchukia.
Tukamlaza ubavu, kanga ikakunjwa chini ya kichwa,
mate yakafyonzwa, oksijeni ikafunguliwa,
tone la damu likasema: sukari, moja nukta nane.
Glukosi ikaingia mshipani.
Dakika ya tano, diazepamu kwa njia ya haja kubwa.
Dakika ya saba mkono ukalegea
kama kamba ya mkonge iliyolowa.
Akajikojolea, akakoroma.
Mama akaanza kulia msiba.
"Amelala," Sista akamwambia. "Ndiyo njia ya kurudi."

Juu ya sinki, nyuma ya boksi la glavu,
kuna ubeti wake wa wino mwekundu:

    Kinywani usimtie, kijiko wala kidole,
    mgeuze alalie, ubavu, kwa polepole,
    saa uiangalie, zikipita tano zile,
    dawa hima mpatie, usingoje, usilale.

Naunakili wote. Msahihishaji akitaka, akate.
Naongeza: povu haliambukizi.
Naongeza: mwenye kifafa hunywa dawa kila siku,
hata mwezi aliojiona mzima,
hasa mwezi huo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mwanamvua kliniki.
Ana miaka ishirini na miwili, anakaanga vitumbua Ngamiani,
na mkono wake wa kushoto una ramani ya mafuta ya moto.
Daktari akamweleza jina la kitu chake.
Alikaa kimya mpaka nikadhani amezimika tena,
nikatazama saa.
Akaniuliza mimi, si daktari:
"Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

Nilipata nane.
Mbili zilizokatwa nazijua:
mwisho wa ukurasa, palipotakiwa kipimo cha dawa kwa kilo,
niliandika jina la mtu.